Buluu ni Pale Tulipolala

Geàrraidh Mòr, Kisiwa cha Lewis
4 Machi 1956

Mdogo wangu Beathag,

Barua yako imefika imelowa chapachapa, kwa hiyo nusu nimeisoma na nusu nimekisia. Kama nimekisia vizuri, una mafua, mwenye nyumba wako bado ananuka paka, na unataka wimbo. Mafua na paka sina dawa yake. Wimbo ninao.

Nimecheka uliposema wachoraji wenzako wamegawana vitabu vya Scotland vya kuchorea maonyesho kama watu wanaogawana nyama ya sherehe: huyu kachukua ngome, yule vita, mwingine malkia anayepelekwa kukatwa kichwa, na wewe umebakiziwa ukungu. Mwambie huyo Bwana Lockhart wako mwenye ukumbi kwamba kuna watu katika nchi hii waliotunga maneno bila kumiliki ngome. Chora huu. Nimeutunga mwenyewe, kwa Kigaeli chetu, na hakuna aliyewahi kuusikia:

*Gorm ni pale tulipolala,*
*ukuta umeanguka, paa halipo;*
*ng'ombe hawaji, wala mimi siitwi,*
*na majani hayajui kunyamaza.*

Ni wimbo wa Coinneach. Kijiji kizima kinajua kwamba aliniposa, akaenda Canada, na mimi nikabaki kwa sababu ya Mama. Wasichokijua ni kiangazi kile cha mwisho, kule juu kwenye vibanda vya malishoni. Sasa wewe unajua, na ni wewe peke yako. Ukinicheka nitakuja Edinburgh kwa miguu nikuzabe kofi.

Nisikilize vizuri basi. Maneno haya ndiyo bora niliyowahi kutunga, na siku moja, Mama akishapumzika, nitayaimba mbele za watu kwa jina langu mwenyewe. Mpaka siku hiyo yasitoke. Wazee wa kanisa wakiyasikia wataniondoa kwenye Meza ya Bwana, na Mama hatainua tena uso barabarani. Chora unachokiona ndani yake, lakini maneno yenyewe yabaki kwenye droo yako.

Kunywa maziwa ya moto. Mama anasema uvae soksi mbili.

Dada yako,
Oighrig


Edinburgh
22 Machi 1956

Dada Oighrig,

Nimelia. Nilikuwa nimesimama jikoni na kikombe mkononi, mwenye nyumba akadhani nimepata msiba. Nilijua unatunga vijiwimbo vya kumcheka mchungaji na kondoo wake, sikujua unaweza hiki.

Nimechora siku zote hizi bila hata kuchana nywele. Nimemaliza buluu yote ya duka la rangi, mwenye duka ananiuliza kama napaka meli. Mlima mzima, kuanzia chini mpaka juu, na mawe ya kibanda yanatokeza katikati kama meno ya mzee. Bwana Lockhart alisimama mbele yake kimya, na yule mtu hanyamazi hata akiwa anatafuna. Halafu akasema picha hii ataitundika ukuta wa mbele, vita na ngome ziende pembeni. Mimi, dada. Mtoto wa Geàrraidh Mòr ukuta wa mbele.

Hapa wananiita Sophia, maana Beathag linawavunja ulimi. Nimeshazoea.

Usiwe na wasiwasi na ile habari yako. Naijua thamani yake.

Halafu niambie, jina kamili la Bibi lilikuwa nani? Raonaid binti ya nani? Nauliza tu, watu huku wanapenda kujua mtu ametoka wapi.

Soksi nimevaa.

Mdogo wako,
Beathag


Geàrraidh Mòr
9 Aprili 1956

Mdogo wangu,

Hongera. Mama amesimulia habari ya ukuta wa mbele mpaka jirani yetu Doilìna ameanza kupita njia ya nyuma. Anadhani umechora meli, kwa sababu nilimsomea ile sehemu ya duka la rangi. Na mimi nakuuliza, buluu yote hiyo ya nini? Mbingu ya kwetu ikiwa buluu watu hutoka nje kuitazama. Lakini mchoraji ni wewe.

Bibi alikuwa Raonaid binti Iain Mweupe, wa nyumba ya kisimani. Umeanza kuwakumbuka wafu, walio hai huwaandikii mpaka uwe na shida. Hao watu wa Edinburgh waambie kwamba Bibi hakuimba chochote maishani mwake ila Zaburi, na kwamba alikuwa akiwakaripia kuku wakipiga kelele siku ya Sabato. Jogoo mmoja alimchinja kwa kosa hilo, na sisi tulimla Jumatatu.

Kifua cha Mama ni kizuri kidogo. Mwezi ujao tunakata mboji ya kukausha na kuchoma kama kuni msimu wa baridi, na mgongo wangu umeshaanza kulalamika kabla ya jembe.

Oighrig


Geàrraidh Mòr
19 Mei 1956

Beathag,

Niandikie mara tu upatapo hii.

Jumatano jioni tulikuwa kwa Doilìna kusikiliza redio, nyumba imejaa, kwa sababu Mama alishatangaza kwamba utatajwa. Kweli ukatajwa. Mtangazaji alisema Bi. Sophia MacAulay, binti wa Lewis, amechora picha inayozungumziwa Edinburgh nzima. Mama akanibana mkono. Halafu yule mtu akasema picha imetokana na wimbo wa kale ulioimbwa na bibi yake, Raonaid binti Iain Mweupe wa Geàrraidh Mòr, na akausoma. Aliusoma wote, kwa Kiingereza: "Buluu ni pale tulipolala."

Doilìna akainuka akazima redio, akasema, "Kumbe Raonaid." Basi. Maneno mawili, na yamekwisha kuzunguka kisiwa.

Kesho yake tulikuwa wote kwenye mboji. Wanawake wanajua kucheka bila kufungua mdomo, wewe hujasahau. Mmoja akauliza, "Alilala na nani, maana babu yenu alikuwa anaogopa hata mvua?" Mwingine akasema ndiyo maana alikuwa mkali kwa kuku, alikuwa anaficha ya kwake. Mama aliweka jembe chini akarudi nyumbani. Tangu hapo amefunga mlango. Beathag, mama yake alikuwa ndiye mtu msafi kuliko wote aliowahi kuwajua. Hilo ndilo alilobaki nalo.

Najua si wewe. Najua uliniuliza jina la Bibi, lakini labda ulilitaja mezani mtu akalidaka, na labda Bwana Lockhart alifungua droo ambayo si yake. Watu wa mjini hawaoni haya kufungua droo. Kwetu mtu haanzi kuimba kabla hajataja nani alitunga na ni wa nyumba gani, na wewe ulilelewa humu humu. Usingeweza.

Siombi jina langu. Naomba uandike kwa redio na kwa huyo Lockhart, useme si wa Bibi. Waseme hajulikani. Waseme wamekosea. Fanya hivyo kwa ajili ya Mama.

Oighrig


Edinburgh
11 Juni 1956

Dada mpenzi,

Samahani nimechelewa, sijapata hata nafasi ya kukaa.

Imenisikitisha sana. Ni kama ulivyodhani. Bwana Lockhart alisema picha bila maneno ni kilima tu, akayachukua maneno akampa mtu wa chuo kikuu ayatafsiri, na huyo ndiye aliyevuruga kila kitu, pamoja na habari ya Bibi. Nimelalamika. Lakini kijitabu cha maonyesho kimekwisha kuchapwa na magazeti yameandika, na ukianza kusahihisha sasa watu watauliza: kama si Bibi, ni nani? Hapo ndipo hatari ilipo, dada. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ilivyo sasa wewe uko salama, hakuna hata mmoja atakayekunyooshea kidole. Bibi yuko kaburini, haumii. Wanawake wa mboji watapata kitu kingine cha kutafuna kabla ya mavuno, unawajua.

Mwambie Mama kwamba huku Bibi anaheshimiwa. Mama mmoja mwenye kofia kubwa alilia mbele ya picha. Nilitamani mngemwona.

Na sasa habari yenyewe. Jumba la sanaa la jiji limeinunua. London wanataka picha nyingine, mfululizo mzima, kila moja na wimbo wake. Wanauita "Nyimbo za Raonaid." Najua unazo nyingine, unazo daima. Zile za baharini, na ule wa theluji kwenye uzio uliouimba nilipokuja Krismasi. Nitumie, dada. Hakuna atakayejua.

Nakupenda,
Beathag


Geàrraidh Mòr
2 Julai 1956

Beathag,

Nilikaa na barua yako nikiitetea. Nilimwambia Mama, unaona, ni watu wa mjini. Nilikuwa nakoroga uji huku nasema hivyo, na mkono ukasimama wenyewe.

Buluu.

Bahari ni gorm, mbingu ni gorm, hayo hata mgeni aliyekaa wiki anayajua. Lakini majani yakiwa gorm ni mabichi, ni kijani kile kizito. Ukisimama barabarani ukatazama nyika yote ilivyo kahawia, pale penye doa la kijani ndipo vibanda vilipokuwa, kwa sababu ng'ombe walilala pale miaka na samadi yao bado inalisha ardhi. Hicho ndicho nilichokisema. Kwamba nyumba imekufa na mahali bado panamea. Hakuna mlima wa buluu katika wimbo wangu, Beathag. Kuna samadi.

Bwana Lockhart hajui Kigaeli hata cha kusalimia. Mtu wa chuo kikuu angejua gorm ya majani ni nini. Kosa hili linaweza kufanywa na mtu mmoja tu duniani, msichana aliyepelekwa shule ya bara na Kigaeli cha kitoto mdomoni na hakurudi kukimalizia. Na buluu ulinunua mwezi wa Machi, kabla ya mtu wa chuo, kabla ya kijitabu. Wewe ndiye uliyetafsiri. Wewe ndiye uliyeandika chini yake jina la Bibi, baada ya kuniuliza mimi jina lake, na mimi mpumbavu nikakujibu pamoja na kisa cha jogoo.

Umenisaliti. Naliandika wazi ili lisipotee njiani. Ulikuwa na siri yangu moja na wimbo wangu mmoja, ukauza vyote viwili siku moja, halafu ukaniambia umenilinda.

Sasa nikueleze yaliyotokea, maana hukuuliza.

Wiki ya Meza ya Bwana ilifika. Mama hajawahi kuikosa, hata mwaka ule wa homa. Safari hii alivua kofia akaiweka kitandani, akasema haendi. Mzee Murchadh akaja kumwita mwenyewe. Nikammiminia chai. Mama akamwambia, "Siwezi kukaa pale wakati mama yangu anachekwa kwamba alilala nyikani." Murchadh akasema wafu tumwachie Mungu. Mama akasema, "Mungu hakuzungumza kwenye redio."

Nilikuwa bado nimeshika birika. Nikasema, "Si Bibi. Ni mimi."

"Wewe nini?" akauliza Murchadh.

"Niliyelala. Na wimbo ni wangu, niliutunga mimi."

Murchadh alimaliza chai yake, kwa sababu hajawahi kuacha chai, kisha akasema nisisogelee Meza mpaka wazee wakae. Wamekaa, wameniondoa. Jumapili niliketi nyuma kabisa, pale wanapokaa wageni na walevi, nikawatazama wengine wakipita mbele. Doilìna alipita bila kunitazama. Coinneach ana mke na watoto huko Canada, naye pia atasikia, maana mashangazi zake wanaandika barua kuliko mimi.

Mama hakupaza sauti. Alifukia moto kwa jivu, halafu akaniuliza jambo moja tu. "Beathag alijua?" Nikasema alijua. Hapo ndipo alipolia.

Nilitaka kuusema wimbo huu kwa jina langu siku niliyoichagua mimi, nimesimama, watu wamekaa kusikiliza. Badala yake nimeusema na birika mkononi kama mwizi aliyekamatwa. Siku hiyo haitarudi. Ndiyo uliyoichukua, na hiyo jumba la sanaa halina.

Oighrig


Edinburgh
14 Julai 1956

Dada,

Nimesoma barua yako mara nyingi na kila mara nahisi nimemezwa.

Ni kweli. Mimi ndiye niliyeandika. Bwana Lockhart aliniuliza maneno ni ya nani, nikafungua mdomo na Bibi akatoka. Niliwaza, nikimtaja dada nitamwangamiza, na nikisema hayana mwenyewe hawatayatundika. Wanapenda vya kale, dada. Mwanamke aliye hai, anayefuga kondoo na kupiga chafya, hawamtaki. Niliwaza nitarekebisha baadaye. Halafu watu wakaanza kunipongeza kwa tafsiri.

Lakini na wewe uwe mkweli. Ungeutoa lini? Mama akishapumzika, ulisema. Mama ana afya kuliko farasi. Ungeuzika huo wimbo pamoja nawe, na mimi nimeufanya usikike mpaka London. Hilo halihesabiki hata kidogo?

Na gorm, sawa, nilikosea. Nimeona haya. Lakini buluu yenyewe wanaipenda, ndiyo wanayoizungumzia, siwezi sasa kusema ni samadi.

Nimeshawaambia London kwamba ni wako. Wamefurahi kuliko nilivyodhani, wanasema habari ya dada mtunzi na dada mchoraji ni nzuri zaidi hata kuliko ya bibi. Kwa hiyo kila kitu kinaweza kurekebika. Jina lako litakuwa juu, kubwa kama langu. Nitumie zile nyingine, ule wa theluji kwanza. Safari hii nitakuuliza kila neno.

Nitakuja nyumbani Agosti. Tutakaa jikoni kama zamani. Mwambie Mama nampenda. Niandikie hata mstari mmoja, dada, hata wa kunitukana.

Mdogo wako daima,
Beathag


Geàrraidh Mòr, Kisiwa cha Lewis
25 Julai 1956

Kwa Bi. Sophia MacAulay,

Nimeipokea barua yako ya tarehe 14.

Nakuandikia kwa Kiingereza, pamoja na jina langu, jambo ambalo hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kukufanyia, ili pasiwe na neno lolote litakalokuchanganya.

Nyimbo nyingine hazitatumwa. Jina langu uliweke chini ya ule mmoja au usiliweke, kama London watakavyopenda. Hapa kila mtu anajua ni wa nani, na gharama yake nimekwisha kuilipa.

Mama amesema unakaribishwa Agosti. Chumba chako kitafagiliwa na kitanda kitatandikwa. Atakupikia samaki wa chumvi na viazi, kwa kuwa anakumbuka unavipenda. Hatakuuliza chochote, na nakuomba usimweleze chochote. Muda utakaokuwepo, mimi nitakuwa kule juu malishoni na ng'ombe. Tafadhali usije kunitafuta huko.

Ikiwa una swali lingine, niandikie kwa lugha hii.

Wako mwaminifu,
(Bi.) Euphemia MacAulay